Tuta la Maharage Njiani Kutoka Liuli

Mama yangu alianza kuniita kiguu na njia kabla sijang'oa meno ya utoto, na hakukosea. Kwangu mimi kukaa kitako ni adhabu. Hata kanisani, padri akianza mahubiri tu, miguu yangu ilikuwa inacheza chini ya benchi na mama ananifinya paja bila kunitazama. Kwa hiyo daktari alipotuambia kwamba presha ya macho imeshamaliza jicho lake la kushoto, na la kulia nalo halina muda mrefu, sikulia. Niliomba likizo, nikawasha gari Dodoma, nikaja Mbinga kumchukua.

Swali lilikuwepo ndani ya familia na wala halikuwa siri. Mama akishakuwa haoni kabisa, atakaa kwa nani? Kaka yangu na mkewe wako palepale kijijini, hatua chache kutoka jikoni kwake. Mimi niko mbali, lakini nina nyumba nzuri, maji yanatoka bombani, hospitali iko karibu, na ndimi binti yake wa pekee. Nilimtaka. Niseme ukweli, nilimtaka kwa wivu. Nilipomwambia hakukataa wala hakukubali.

"Nitembeze kwanza," alisema. "Siku tatu. Tukirudi nitakujibu."

Nami nikaelewa nilivyotaka kuelewa: mama anataka kuona dunia mara ya mwisho. Nikaandika orodha. Ziwa, pale Mbamba Bay. Kanisa la zamani la wamisionari kule Liuli, na lile jiwe kubwa linalochomoza majini. Magofu ambayo watu wanayaita boma la Wajerumani. Nikampakia na blanketi lake na chupa yake ya uji, tukaanza kushuka mlima.

Siku hizi ni lami mpaka ziwani, na lami inanitia wazimu wa kukimbia. Mama alikaa mbele, mikono mapajani, uso ameuelekeza dirishani.

"Kahawa ya watu huku imebeba?"

"Imebeba, mama."

"Imebeba vipi? Matawi yameinama?"

"Mama, naendesha."

Kona tatu baadaye akauliza kama migomba iliyopandwa katikati ya kahawa ni ya zamani au mipya. Nikasema ipo. Ndivyo nilivyojibu, jamani, "ipo," nikakanyaga mafuta.

Ziwa lilipojitokeza chini yetu nilisimamisha gari, nikamshika kichwa kwa mikono miwili nikamgeuzia huko. "Unaona? Unaona mama?"

"Naona weupe."

"Ndiyo Ziwa Nyasa lenyewe hilo!"

"Kuna mitumbwi?"

"Ipo mingi."

"Wanavua au wanarudi?"

Nilikuwa nimeshatia gia.

Kesho yake tukaenda Liuli. Kanisani mama aliweka viganja vyote viwili ukutani akatembea hivyo, polepole, kama anayempapasa ng'ombe kabla ya kumnunua. Aliuliza kama mawe yamechongwa au yamepangwa vilevile yalivyookotwa. Aliuliza madirisha yana vioo vya rangi gani. Mimi nilikuwa nje napiga picha lile jiwe la majini, nikamjibu kutoka mlangoni kwamba ni kanisa zuri sana, twende, jua linapanda. Tukaenda bomani. Lo! Boma lenyewe ni kuta tatu bila paa, na ndani mbuzi wanacheua. Nilikasirika hasa. "Mjerumani na ukali wake wote," nilisema, "ametuachia zizi la mbuzi!" Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya kanga. Kisha akakaa juu ya jiwe akasema tupumzike hapo kidogo, nimhadithie palivyo. Nikamwambia hapana kitu cha kuhadithia. Tukaondoka tukapitia kwa akina mama wanaoanika usipa kwenye vichanja, tukanunua mfuko mzima wa vile vidagaa, maana mtu wa milimani hatoki ziwani mikono mitupu.

Siku ya tatu tukapanda kurudi. Nilikuwa na kinyongo, orodha imeisha na bado sijaona furaha niliyoitafuta usoni kwake. Mlimani, kabla ya kufika mjini, nikaona shamba limelimwa ngolo mpya, mteremko wote. Asiyezijua ngolo nimweleze. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza chini kwa miraba, kisha wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika. Linabaki shimo la kushika maji ya mvua, na kulizunguka tuta, na juu ya tuta ndipo yanapopandwa maharage. Kazi hiyo ni ya mwezi wa tatu. Mama ameifanya zaidi ya miaka arobaini. Mimi nilisoma bweni, na kila mwezi wa tatu nilikuwa shuleni.

Nikasimamisha gari. "Nakuja, napiga picha moja tu." Nikapanda na simu mkononi, nikitafuta mahali pa juu nilipate shamba lote.

"Shuka! Wewe mgeni, shuka hapo!"

Mwanamke mmoja alichomoza katikati ya shamba na jembe lake. Nikamwambia mimi si mgeni, ni mtu wa Mbinga hapahapa. Akanitazama miguu.

"Mtu wa Mbinga gani anatembea juu ya tuta? Kwetu hata mtoto anapita shimoni. Ona, umenikanyagia maharage!"

Nilitazama chini. Kweli, nyuma yangu kulikuwa na alama za viatu, na ndani yake vichipukizi vimelala vimevunjika. Nikashuka upesi shimoni.

Mama alikuwa amesikia. Alifungua mlango mwenyewe, akashika gari, akashika ukingo wa barabara, akapanda akiniita ili aifuate sauti yangu. Mwenye shamba akamwamkia shikamoo, mama akaitikia, wakasalimiana Kimatengo mpaka mwisho wa salamu, mimi nimesimama shimoni. Kisha mama akapiga magoti. Vidole vyake viliipata alama ya kiatu changu ya kwanza, vikang'oa kilichovunjika, vikarudisha udongo. Mwenye shamba akafungua fundo la kanga akampa mbegu. Mama akazitia moja moja, alama hadi alama, bila kukosea.

"Mtoto wangu amesoma sana," alimwambia yule mwanamke, kwa sauti ya mtu anayemwombea mgonjwa. "Usimhesabie."

Tulimwachia nusu ya usipa. Alipokea kwa mikono miwili, akacheka. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Garini nilishindwa kusubiri. Nikamwambia anijibu sasa hivi.

"Nitabaki kwa mkwe wangu," alisema.

"Kwa sababu ya tuta? Mama, kwa ajili ya mbegu kumi za maharage?"

"Maharage yataota. Siku tatu nimekuuliza, mwanangu. Wifi yako hana bomba, lakini akienda kuchota maji akirudi ananiambia nani amelima, nani amelaza majani yake ovyo, mti gani umeanguka. Wewe unaniambia ipo. Unaniambia twende. Macho yangu haya yakifa nikiwa kwa wifi yako, bado nitaona. Nikiwa kwako nitakuwa kipofu kweli."

Hapo ndipo nililia. Nililia kwa hasira kwanza, usukani mkononi, na mama hakunifinya paja.

Nikarudi Dodoma peke yangu. Jumapili ya kwanza, baada ya misa, alinipigia simu. Hakuuliza habari za safari wala za kazi.

"Uko wapi?"

"Nyumbani, mama. Dirishani."

"Unaona nini?"

"Ukuta wa jirani."

"Wa mawe au wa tofali? Kumeota nini juu yake?"

Nimeishi kwenye nyumba hiyo miaka tisa. Nikamwambia asikate, nikavaa ndala, nikatoka kwenda kuangalia.