Rangi ya Kucha Kwenye Skrubu

Fundi Sikio ukimwambia kumekucha, anachungulia dirishani kwanza. Ndivyo alivyo, wala hajifichi. Waya mpya hauamini mpaka auchune ncha aone kama ndani ni shaba ya kweli au ni kitu kilichopakwa rangi ya shaba. Boksi la amplifaya likiwa limeandikwa nguvu za kutikisa nyumba, anacheka puani, analigeuza, anaangalia ukubwa wa fyuzi, kisha anasema, "Karatasi haikatai kuandikwa." Na tusimwonee bure, maana shaka hiyohiyo ndiyo iliyolisha mke na watoto. Magari mangapi yamekaribia kuungua kwa sababu fundi mwingine alisahau fyuzi karibu na betri? Kwa Sikio hilo halijatokea hata siku moja.

Jina lenyewe alipewa na mafundi wenzake, enzi akiwa kijana wa kubeba betri. Gari lilikuwa linavuma kila ukikanyaga mafuta, wakubwa wamekuna vichwa mpaka wamechoka. Yeye akasimama nje, milango imefungwa, akasema, "Waya wa hasi umekazwa juu ya rangi." Wakamcheka. Baadaye wakafungua, wakakuta kweli, skrubu imekalia rangi ya bodi na chuma hakijaguswa. Wakasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, mvumo ukakatika. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita jina alilopewa na mama yake.

Sasa, kuna kitu mafundi wanakiita geni, na ukitaka Sikio akufukuze karakana, mwambie, "Fundi, niongezee geni gari litetemeke." Geni si kitufe cha sauti. Ni skrubu ndogo ubavuni mwa amplifaya, kazi yake kupatanisha nguvu inayotoka kwenye redio na ile ambayo amplifaya inaweza kumeza. Ukiizidisha, sauti inachanika, inaanza kukwaruza, na subufa, ile spika kubwa ya mdundo, inapikwa polepole mpaka koili yake iungue. Wengine huipanga kwa mita. Sikio alikuwa anapandisha redio robo tatu, anafumba macho, anazungusha mpaka mkwaruzo uanze, halafu anarudisha nyuma kidogo. Mita, alisema, ni ya watu waliozaliwa na masikio ya kuning'inizia hereni.

Basi akaja shemeji yake, mdogo wa mkewe. Kiwanda alichokuwa anafanya kazi kilifungwa, dada yake akamwombea nafasi karakana na kitanda pale nyumbani. Mtu mpole, hana makuu, anafagia bila kuambiwa. Hilo nalo likamtia Sikio wasiwasi. Mtu gani mwenye akili zake anafagia bila kuambiwa?

Kisha akaanza kuona mambo. Jioni akirudi nyumbani, anawakuta mke na shemeji jikoni wananong'ona. Midomo inacheza, sauti hakuna. Akiingia, wananyamaza, au anaona kama wamenyamaza. Akiuliza mlikuwa mnasema nini, mke anamjibu, "Tulikuwa tunasema chumvi imeisha." Chumvi gani ya kunong'onewa?

Mara subufa mbili zikarudi zimeungua. Magari ya watu aliowahudumia haraka haraka, wameondoka palepale. Na wiki hiyohiyo muuza magodoro, aliyefungiwa amplifaya na Sikio siku si nyingi, akaleta kigari chake kubadilishiwa redio. Sikio akafungua buti, akainama kwenye amplifaya, akaganda. Skrubu ya geni haikuwa pale alipoiacha. Alijua alipoiacha kama mtu anavyojua upande wake wa kitanda. Mtu alikuwa ameishusha.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akajisemea. Hesabu yake ikawa hii: shemeji anachezea skrubu, huku anashusha, kule anapandisha, ili kazi ya Sikio ionekane ovyo na wateja wahamie kwake. Roho ilimuuma, nisikufiche. Mtu umempa kitanda.

Akaiba chupa ya rangi ya kucha ya mkewe, nyekundu. Kila alipomaliza kupanga geni, aliweka tone moja lililokalia skrubu na bati la pembeni. Atakayeizungusha, rangi itapasuka. Hakumwambia mtu. Mke akaanza kunusa.

"Baba watoto, hii nyekundu kwenye mkono wa shati ni ya nani?"

"Ya kazi."

"Kazi gani inapaka kucha?"

Sikio akageukia ukutani. Angemwambia vipi, wakati angeenda kumnong'oneza mdogo wake? Na mke naye akageukia upande wake akiwa na picha nzima ya mwanamke mwenye kucha nyekundu. Nyumba ikawa ya watu watatu wanaochunguzana juu ya sahani.

Na magari? Yakazidi kurudi. Kila lililowekwa alama lilirudi na ile harufu ya koili iliyoungua, ambayo ukishainusa huisahau. Liliporudi la dada mmoja dereva wa teksi, mtu asiyejua kumung'unya maneno, Sikio alimwambia, "Usiondoke, nataka uwe shahidi." Akampigia simu mkewe aje.

"Leo utaona kwa macho yako," alimwambia alipofika. "Rangi ikiwa imepasuka, mdogo wako anatoka hapa na anatoka nyumbani."

"Na akitoka kwa uongo," mke akasema, akipaza sauti kama alivyozoea siku hizi, "mimi namfuata."

Shemeji alikuwa amesimama na ufagio wake. 

Sikio akafungua buti, akamulika tochi. Tone lilikuwa pale, jekundu, zima kama siku lilipowekwa. Akalikwaruza kwa kucha kidogo. Zima.

"Amepaka upya," akasema.

"Kwa rangi ipi?" mke akauliza. "Chupa yangu nimeitafuta nyumba nzima. Kumbe umeificha wewe."

Shemeji akaegemeza ufagio ukutani. "Shemeji, hiyo sijaigusa. Nilizokuwa nagusa ni zile za kabla ya rangi."

"Unasikia? Amekiri mwenyewe."

"Nilikuwa nazishusha. Kila niliyoiwahi kabla mwenyewe hajaja kuchukua gari lake. Ya muuza magodoro niliishusha mimi. Zile mbili zilizoungua, wenyewe waliondoka kabla sijapata nafasi. Ulipoanza kupaka rangi nikajua umenishuku, nikaacha."

"Kwa nini uzishushe?"

"Zilikuwa zinakwaruza."

"Na hukuweza kuniambia?"

"Ningekuambia nini? Wewe ndiye Sikio."

Fundi akacheka puani. Akafunga subufa nyingine kwenye gari lile, skrubu ikiwa palepale alipoipanga, akawasha muziki, akafumba macho. Mdundo ukamgonga kifuani, mzito, safi. "Hii inakwaruza wapi?"

"Fundi, usinitanie," yule dereva akasema. "Inakwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga."

"Mmepanga," Sikio akasema. Akamtazama mkewe, akamtazama shemeji. "Mmekaa mkapanga."

Hapo mtu mwingine angekubali yaishe. Yeye, kwa kuwa ni yeye, akawatenganisha mashahidi. Dereva akamkalisha kiti cha mbele, macho kwenye kioo cha mbele. Mke akamsimamisha mlangoni, mgongo kwa gari. Shemeji akamgeuza uso ukutani. "Nitazungusha kushuka. Mkwaruzo ukiisha, inua mkono. Asigeuke mtu."

Akapasua rangi kwa bisibisi. Akazungusha polepole, macho yakiwa kwao. Kwake hakukuwa na mabadiliko, mdundo ulipungua kidogo tu. Akazungusha tena. Mikono mitatu ikapanda pamoja.

Akapandisha, akashusha tena, safari hii kwa kusitasita, akisimama katikati ili awachanganye. Mikono ikangoja naye. Alipofika palepale, ikapanda, mitatu, na hakuna aliyemwona mwenzake. Akaitazama skrubu. Ilikuwa imelala vilevile kama ile ya muuza magodoro.

Akazima redio. Akakaa juu ya boksi la spika, akikuna mkono wa shati lake penye rangi ya kucha. Miaka yote ile ya kuinamia spika zinazounguruma, mdundo ulibaki kwa sababu mdundo hata kifua kinausikia. Ile sauti nyembamba ya juu, ya mkwaruzo, ilikuwa imeondoka kidogokidogo bila kuaga. Alihisi aibu, na chini ya aibu alihisi woga. Fundi wa muziki asiyesikia atafanya nini?

"Mama watoto," akasema. "Mlipokuwa mnanong'ona jikoni na mdogo wako, mlikuwa mnanisema?"

Mke akaja akasimama mbele yake, akamtazama usoni. "Hatujawahi kunong'ona, mume wangu. Tulikuwa tunaongea tu."

Alimwangalia midomo mpaka akamaliza. Halafu akatoa chupa mfukoni, akamrudishia. Yule dereva akajifanya anatafuta kitu kwenye kiti. Gari lake lilikuwa bado buti wazi, na kazi ya mtu haisubiri huzuni ya fundi, kwa hiyo Sikio akainuka, akamshika shemeji yake bega na kumgeuza kutoka ukutani. Akampa bisibisi.

"Zungusha wewe," akasema. "Mimi nitaangalia mikono yao."