Kiungulia Changu Dukani kwa Mume Wangu

Mimba yangu ya tatu ndiyo iliyoniletea kiungulia. Nilipowaambia wanawake wenzangu kwamba moto unapanda kutoka tumboni hadi kooni, walicheka na kusema mtoto ana nywele nyingi, ndizo zinanisugua kifua. Mtoto akazaliwa na kichwa kitupu kama kiganja, na kiungulia kikabaki. Hapo walicheka tena. Mpaka leo sijajua kilichowachekesha. Mwanamke akisema kichwa kinamuuma, watu humpa pole. Akisema kifua kinawaka, wanamwambia ni kiungulia tu. Hilo neno "tu" nalichukia.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Bariadi, enzi hizo bado tupo Mkoa wa Shinyanga. Mume wangu alikuwa karani wa pamba katika chama cha ushirika, kazi yake kusimama kwenye mizani na kuandika. Zahanati zilikuwa hazina dawa, kwa hiyo nilijitibu kwa vilivyokuwapo. Mama mkwe alinipa maziwa mabichi. Yalinipoza kwa muda mfupi, kisha moto ulirudi mkali kuliko ulivyoondoka. Nililamba magadi nikabeua hadi machozi yakatoka. Nilitafuna muhogo mbichi, nikala udongo wa kichuguu kama mjamzito, na jirani mmoja akanikorogea majivu kwenye maji. Siwalaumu hao. Walinipa walichojua, na hakuna aliyeniuzia.

Halafu mambo yakafunguliwa. Wanunuzi binafsi wa pamba walifika na malori yao, chama kikaanza kupunguza watu, na mume wangu akarudi nyumbani na kiinua mgongo chake. Wakati huohuo maduka yalijaa vitu tulivyokuwa tumesahau sura zake: sabuni za kunukia, mafuta ya kupikia, soda za kila rangi. Na dawa. Tulifurahi, mimi pia nilifurahi. Mume wangu alisema watu wa huku wanalima pamba, wana migongo mibovu na matumbo mabovu, na mtu wa namna hiyo hawezi kukosa hela ya kidonge. Akafungua duka la dawa karibu na soko. Ukutani alitundika cheti cha muuguzi mmoja mstaafu aliyeishi Ngulyati, ambaye dukani alionekana mara chache sana. Mume wangu mwenyewe hakuwa amesomea dawa hata siku moja. Alivaa koti jeupe, na kabla mvua za mwaka ule hazijaisha watu walikuwa wanamwita daktari.

Wa kwanza kutibiwa na daktari huyo nilikuwa mimi. Alileta nyumbani vidonge vyeupe vya kutafuna, vyenye ladha ya peremende, na kwa kweli vilinituliza kidogo. Lakini alikuwa ameona kwamba wavuna pamba wanakuja dukani na malalamiko mawili kwa pamoja, kifua kinachowaka na mgongo unaouma. Kwa hiyo akaanza kuchanganya. Alikunja karatasi ndogo, akatia kile kidonge cheupe, akaongeza kapsuli ya maumivu ya mgongo na kidonge kingine cha njano ambacho hakuwahi kunieleza ni cha nini. Akaipa jina dozi ya kiungulia. Siku za mwanzo nilijisikia vizuri, maana maumivu yote mwilini yalinyamaza. Baadaye kiungulia kikarudi na kitu kipya, kidonda cha moto chini ya mbavu, na sauti yangu ikaanza kukwaruza. Nikisimama ubaoni maji machungu yalipanda mdomoni, ikabidi niwape wanafunzi mgongo ili nimeze. Nililala nimeegemea gunia la mpunga. Nikimlalamikia, alisema mwili wangu ni mgumu kuzoea dawa, niongeze nyingine.

Nikitoka shule mchana alitaka nikae dukani. Nilidhani ni kwa ajili ya kumsaidia kuuza. Siku moja nikamsikia akimwambia mteja kwa sauti ya taratibu, ile ya mtu anayejua anachosema, kwamba dozi hii ameitumia mke wake mwenyewe, mwalimu yule pale, na unaona alivyo. Mteja aligeuka kunitazama. Mimi nilikuwa nimekonda kwa kuogopa kula, lakini nilikuwa mwalimu, nimevaa gauni safi, nimekaa kwenye kiti. Alinunua. Tangu hapo nilikuwa tangazo. Nikikohoa, mume wangu aliniashiria niende kukoholea nyuma. Nilikwenda. Kila nilipokohoa kule nyuma kwenye maboksi matupu niliwaza namna ya kumwambia, na kila nilipomwambia alinijibu kwamba duka hili ndilo linalotulisha sasa.

Kulikuwa na mama mmoja wa Sapiwi aliyekuwa akija kila alipopata lifti ya lori la pamba. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye mikono iliyochanwa na maganda makavu ya pamba. Siku hiyo aliingia pole pole kuliko kawaida, akaniamkia kwanza mimi kabla ya mume wangu.

"Mwadila, mwalimu."

"Mwadila, mayo," nikamjibu salamu, nikimwita mama kwa lugha yetu.

Alikaa kwenye benchi akapumzika. Kisha akaniuliza dozi yangu ilinichukua muda gani hadi nikapona, kwa sababu yeye tangu mavuno yaanze anaitumia na bado. Mume wangu akajibu kwa niaba yangu kwamba huyu alishapona zamani, ila kila mwili na siku zake. Mdomo wangu wakati huo ulikuwa na uchachu. Tangu asubuhi nilikuwa sijatia kitu tumboni zaidi ya maji.

"Sijapona, mayo," nikasema. "Naungua hata sasa hivi."

Mume wangu alicheka, akawaambia wateja wengine kwamba mwalimu anapenda utani. Lakini yule mama hakucheka. Alisogea karibu yangu, akaniambia kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini ya kumwambia mwanamke mwenzake, kwamba choo chake kimekuwa cheusi kama lami, na anapoinuka anaona giza. Nilimuuliza kama amemwambia mume wangu. Alisema ndiyo, alimwambia safari iliyopita, na daktari alimjibu kuwa ni uchafu wa tumbo unatoka, ni dalili nzuri.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anakunja karatasi. Alikuwa amesikia, kwa sababu Kisukuma ndicho tulichoongea nyumbani sote tangu utotoni, na vidole vyake havikusimama. Nimewahi kukasirika maishani mwangu mara nyingi, lakini hasira ya siku ile ilinijia baridi. Sikupaza sauti. Nilimwambia mama wa Sapiwi kwamba alale kwetu, na asubuhi tutakwenda hospitali pamoja, yeye na mimi.

Mume wangu alisubiri mama yule aende kuoga ndipo akanifuata jikoni. Hakukanusha kitu. Alichosema ni kwamba watu wakimwona mke wa daktari amepanga foleni hospitali, watasema nini.

"Utanivunjia soko," alisema.

"Soko ni lako," nikamwambia. "Kifua ni changu."

Asubuhi tulikwenda, mama yule na mimi. Tabibu aliyetuhudumia alikuwa mwanamke wa makamo, hana maneno mengi. Mama wa Sapiwi alikuwa amefunga karatasi ya dozi kwenye pindo la khanga, akaitoa. Tabibu aliikunjua juu ya meza, akavitenganisha vidonge kwa ncha ya kalamu. Alisema kile cheupe kinapoza asidi kweli, hakina neno. Cha njano ni vitamini, hakisaidii wala hakidhuru. Kisha akaisukuma ile kapsuli peke yake hadi ukingoni mwa meza. Hii, alisema, inatuliza mgongo lakini inachubua tumbo, na mtu mwenye kiungulia akiimeza kila siku bila chakula anaweza kutoboka au kuvuja damu ndani. Choo cheusi ni damu.

"Nani aliwapa hizi pamoja?" aliuliza.

Mama wa Sapiwi alinitazama, akainamisha macho. Alikuwa tayari kuugua bila kunitia aibu.

"Mume wangu," nikasema.

Mama wa Sapiwi alilazwa siku ileile. Mimi nilipewa dawa za kupunguza asidi na kuambiwa nisiguse tena kapsuli, halafu nikapewa maelezo ambayo hayakuhitaji duka lolote. Nile kidogo kidogo. Nile mapema, nisilale na shibe. Nipunguze chai kali, pilipili na mafuta. Maziwa yanapoza lakini nisiyategemee, tumbo huyajibu kwa asidi zaidi. Na kitanda nikiinue upande wa kichwani kwa matofali, ili kinachopanda kishuke. Nilipofika nyumbani nilichukua matofali yaliyobaki tulipojenga choo, nikainua kitanda peke yangu. Mume wangu alisema hawezi kulala kwenye mlima. Nikamwonyesha mkeka.

Hapo ningependa kusema kwamba aliona kosa lake. Hakuliona. Nilimtaka atoe kapsuli kwenye dozi, akajibu kwamba watu ndiyo wanaoipenda hiyo, ndiyo inayowafanya warudi. Alisema vilevile, neno kwa neno, kwamba ndiyo inayowafanya warudi. Nikaacha kukaa dukani. Kila mzazi aliyekuja shuleni na kila mwanamke niliyekaa naye benchi moja kanisani nilimwambia ile dozi ina nini na inafanya nini. Habari hazikuchelewa kumfikia, na baada ya hapo ukoo wake ukaniita.

Walikuja wajomba zake na mama mkwe, tukakaa uani. Hawakuniuliza kama ninaumwa. Hawakuuliza habari za mama wa Sapiwi, ambaye wakati huo bado alikuwa kitandani akiongezwa damu. Waliniuliza kwa nini namwaga unga wa mume wangu barabarani, na wakataka niombe radhi ili yaishe. Mama mkwe, ambaye maziwa yake nilikuwa nimeyanywa kwa shukrani, alisema enzi zao kiungulia hakikumpeleka mtu hospitali. Nilisema sitaomba radhi. Mjomba mkubwa alirudia maombi yake kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto aogeshwe, na nikarudia jibu langu. Waliondoka bila kugusa chakula nilichopika. Tulikila mimi na watoto, mapema, kama nilivyoelekezwa.

Kapsuli ilitoka kwenye dozi baadaye, wateja walipoanza kuuliza maswali. Mume wangu alitangaza kwamba ameiboresha dawa. Mama wa Sapiwi alipona, akarudi kwake, na alipopata nguvu aliniletea kuku kwa ajili ya kushukuru. Sikuwapo. Nilirudi nikakuta kuku amechinjwa, na mume wangu anawasimulia wageni kwamba ameletewa na mgonjwa wake aliyepona.

Sikumwacha. Nimeulizwa sababu na binti zangu, na jibu langu haliwaridhishi, wala mimi haliniridhishi. Kulikuwa na watoto, kulikuwa na nyumba, kulikuwa na shamba ambalo nusu ya jasho lake ni langu. Kiungulia kilinipungua hadi nikawa nakisahau kwa miezi. Hasira haikupungua hivyo. Duka alilifunga mwenyewe ukaguzi ulipoanza kuwa mkali, akaingia kwenye ununuzi wa pamba, lakini jina la daktari hakulivua. Hata leo tukienda arusini kuna mtu anasogeza kiti karibu yake kumweleza habari za tumbo, naye anamsikiliza kichwa kikiwa upande, na mimi nahama meza.

Miaka michache iliyopita kifua chake kilianza kuwaka. Alikula nyama choma akalala, akaamka anasema moto umemshika kooni. Hakulamba magadi. Hakutafuna kidonge chenye ladha ya peremende. Asubuhi alipanda basi la Mwanza kwenda kwa daktari bingwa, akataka nimsindikize, nikamsindikiza. Njia nzima alishika kifua na kuniuliza kama nadhani ni kansa. Walimpulizia ganzi kooni, wakampitisha mpira wenye taa, wakaona michubuko kidogo, si zaidi. Kisha daktari, kijana mwenye adabu, alimkalisha ili aandike historia ya ugonjwa wake, akamuuliza kama nyumbani kuna mtu mwingine aliyewahi kusumbuliwa na tatizo hili.

Mume wangu alifikiri. Nilimwona anafikiri kweli, hakuwa anaigiza.

"Hapana," alisema. "Hakuna."

Yule kijana alianza kuandika. Nikamwambia asubiri, nikavuta kiti changu mbele ya meza, nikaanza kumweleza tangu ile mimba ya tatu.