Mlinzi Niliyemwita Mwizi

Mimi darasa la nne sikumaliza, na silisemi hilo kwa kuona haya. Nilianza kwa kubangua korosho za watu, mafuta ya maganda yakaniunguza vidole mpaka ngozi ikabanduka. Miaka ya elfu mbili inaanza, nina maduka mawili Magomeni ya Mtwara, lori aina ya Kenta, na nyumba Rahaleo ambayo wenye vyeti vyao wamepanga vyumba. Mto Ruvuma nimeuvuka kwenda Msumbiji mara nyingi kuliko mfanyabiashara yeyote niliyemjua. Napeleka sabuni, narudi na kamba wakavu. Ila navuka mchana, nauza mchana, na jua likianza kuzama nimeshajifungia gesti. Hilo la kujifungia sikumwambia mtu.

Mwaka mmoja nikasema mke wangu naye akale raha. Nikampeleka mji mmoja wa ufukweni upande wa Msumbiji, kwenye hoteli ndogo ya Mzungu. Hatua kama mia mbili kutoka vyumbani ulikuwepo ukumbi wake wa dansi, na watu walitoka mbali kuja kucheza pale.

"Jioni twende," mke wangu akasema. Ilikuwa alasiri, tumekaa barazani tunakunywa madafu.

"Hatwendi. Wamejaa Wamawia pale."

Wamawia ndivyo tulivyowaita Wamakonde wa ng'ambo, wenye chale usoni. Toka utoto tuliambiwa kwamba Mmawia akikasirika hasemi mara mbili, anachomoa kisu.

"Na bibi yako mzaa baba alikuwa nani? Yale maua usoni alichorwa kwa kalamu?"

"Bibi alihamia kwetu zamani, akiwa mdogo."

"Ahaa! Kumbe mtu akivuka mto ubaya wake unazama majini."

"Mama watoto, usifanye mzaha. Hapa vita vimeisha juzi. Zile bunduki zimekwenda wapi? Halafu walevi, giza, lugha yenyewe hatuijui..."

"Lugha unaijua. Ndiyo hii hii ya Kimakonde unayonigombezea kila asubuhi." Akacheka mpaka dafu likamwagika. "Mwanamume Mtwara nzima inasikia huna usichokiweza. Unakula kamba wao miaka yote. Kucheza dansi karibu nao ndiyo umeshindwa?"

Lilinichoma. Nikasema haya, tutakwenda. Nikavua saa nikaificha chini ya godoro, pesa nikazigawa, nyingine soksini, nyingine kwenye mkunjo wa kofia. Ndipo nikaenda kuoga.

Tulipotoka, kulikuwa na mtu nyuma yetu. Mtu wa makamo, chale shavuni, shati kuukuu, mkononi hana kitu. Tukisimama, anasimama. Tukienda, anakuja. Sikumwambia mke wangu, nikamshika mkono kwa nguvu.

"Unaniumiza, baba watoto."

"Tembea."

Ukumbini yule mtu akaegemea nguzo karibu na mlango. Hakunywa, hakucheza. Macho kwetu. Mke wangu akaenda msalani, na yule mtu akageuza shingo kumfuata kwa macho. Basi. Sikungoja zaidi. Nikamwendea Mzungu mwenye hoteli kaunta. Kireno sikijui, nikamwonyesha yule mtu kwa kidole, halafu nikajitia mkono mfukoni na kuuchomoa haraka, kama mwizi anavyofanya. Mzungu akaelewa. Akamfuata pale nguzoni, akamfokea. Yule mtu akanitazama mimi, akamtazama Mzungu, hakusema neno. Akatoka.

Mke wangu aliporudi alinikuta natabasamu. Nikacheza mpaka shati likalowa. Wala sikumweleza, nilitaka aamini kuwa siogopi.

Asubuhi mpishi alileta chai akaiweka kwa kishindo. Mpishi huyo alijua Kiswahili, aliwahi kukimbilia Mtwara wakati wa vita.

"Mmemfukuzisha kazi mlinzi wetu," akasema.

Mke wangu akaweka kikombe chini. "Mlinzi yupi?"

"Yule wa chale. Bosi kaambiwa ni mwizi."

Mke wangu akanigeukia, na sura yake sijaisahau. Kumbe alasiri ile, nilipokuwa bafuni, alimfuata yule mlinzi kabla ya zamu yake, akamwomba kwa Kimakonde atembee nyuma yetu, kwa sababu, alimwambia, mumewe ana hofu. Kwangu alificha asinivunjie heshima.

"Sasa mbona hakujitetea?" nikauliza.

"Ajiteteeje?" mpishi akajibu. "Aseme mbele yako kwamba mkeo alimwita pembeni wakaongea? Mke wa mtu?"

Nikaisukuma chai pembeni. Mtu amepoteza kazi kwa kidole changu, akanyamaza kulinda nyumba yangu. Nikaenda kwa Mzungu, mpishi akitafsiri, na wafagizi wamesimama wanasikiliza. Mzungu akauliza: kama si mwizi, kwa nini nilisema mwizi?

Niliwahi kubishana na matajiri, na watu wa ushuru, sijawahi kukosa neno. Hapo nilitafuta neno lolote lisilo la woga.

"Mwambie niliogopa."

Mpishi akatafsiri. Mfagizi mmoja akaangua kicheko. Mzungu akasema nimlete huyo mtu mwenyewe.

Nikaenda peke yangu, nyuma ya mashamba ya chumvi alikonielekeza mpishi, nikiuliza njia kwa Wamakonde nisiowajua, mkono umeshika mfuko. Nilimkuta uani kwake anatia mpini jembe. Nikaanza kueleza, maneno yakagongana. Aliniacha nimalize.

"Kwamba una hofu nilijua," akasema, "mkeo aliniambia. Ila sikujua unayemwogopa ni mimi."

Akaweka jembe chini, akaingia ndani kuvaa shati. Tulirudi haraka haraka, mimi nikiomba Mungu nafasi yake isiwe imepewa mtu.

Mzungu alisikiliza, akamsemesha yeye kwanza, kirefu, kisha akanielekezea kidevu.

"Anasema huyu arudi zamu leo," mpishi akaniambia. "Na wewe anauliza unaondoka lini."

"Kesho," nikasema.

"Leo," mke wangu akasema nyuma yangu, na begi alikuwa nalo mkononi.