Mkono Niliomnyima Baba Mkwe

Nakumbuka Jumapili moja ya mwezi wa saba, mwanangu Nekesa, mwezi ule wa baridi ambao nguo hazikauki. Ulikuwa na miezi minane, nimekubeba mgongoni. Nakuandikia nikiwa bado na hasira, na hasira yenyewe ni juu yangu, kwa hiyo usiogope ukikuta maneno makali.

Baba yako alikuwa Kitale kwa kazi yake ya ujenzi. Nyanya yako alikuwa ameenda matanga Naitiri. Hapa nyumbani Kamukuywa tulibaki mimi, wewe na babu yako, ambaye alikuwa amepooza upande wa kushoto na ndiyo kwanza anaanza kupata nguvu. Daktari alimtaka atembee kila siku, lakini mvua ilimfungia ndani wiki nzima. Siku hiyo tulipotoka kanisani jua likajitokeza. Akachukua fimbo.

"Mama Nekesa, leo hakuna palizi wala soko. Twende mtoni tuone kama maji bado yanaenda upande ule ule."

Tulienda polepole, yeye mbele, mimi hatua kumi nyuma. Ndivyo nilivyofundishwa nilipoolewa: mke wa mtoto hamshiki baba mkwe, hamsalimii kwa mkono, haketi karibu naye. Shangazi yako ndiye aliyenikalisha chini akanieleza. Sikuuliza kwa nini. Nilitaka kuitwa mke mwenye adabu, na kweli niliitwa.

Yalikuwa matembezi mazuri, sitakudanganya. Mahindi yalikuwa yamenipita kimo, na mzee alisimama kila shamba kulitolea hukumu. "Huyu alipanda akiwa usingizini. Yule naye mbolea aliweka kwa kijiko cha sukari." Nilicheka mpaka ukaamka. Mtoni, vijana wa bodaboda walikuwa ng'ambo wakiosha pikipiki, redio imefunguliwa hadi mwisho. Sisi tukafuata ukingo, tukiota jua, hakuna aliyekuwa na haraka.

Halafu fimbo ikazama kwenye tope. Mguu ule dhaifu ukateleza, babu yako akaketi kwa kishindo, miguu yote miwili ndani ya maji. Hakuvunjika kitu, ila hangeweza kujiinua. Akaninyooshea mkono wa kulia.

"Nivute, mama."

Sikumvuta. "Baba, ngoja niite wanaume," ndivyo nilivyomjibu. Nikaita hadi sauti ikakwaruza, lakini redio ile ilinishinda. Mkono wake ulibaki juu kidogo, kisha akaushusha polepole, bila kunikaripia. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Sijui alikaa majini muda gani. Mwishowe akaja mama mmoja kuteka maji, simjui hadi leo. Akatupa mtungi chini, akaingia na viatu vyake, akamkamata mzee kwapani.

"Si ushike upande huo!"

"Ni baba mkwe wangu."

"Ati? Sasa ulikuwa unangoja nini, bana? Mazishi ndiyo umshike?"

Nikashika. Alikuwa mwepesi, mwanangu, na anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa.

Kufikia Jumanne kifua kilikuwa kimembana. Akalazwa hospitali Bungoma, na daktari akamwambia baba yako, aliyekuja mbio kutoka Kitale, ajiandae kwa lolote. Siku hizo nilimchukia kila mtu: shangazi yako, mila, vijana na redio yao. Nilipomaliza kuwachukia, nikabaki mimi.

Siku alipoweza kuongea nilimpelekea uji, nikasimama mlangoni mwa wodi.

"Sogea," akasema. "Ama unataka huo uji niufuate huko?"

Nikasogea. Nilianza kuomba msamaha, machozi yakanikatiza.

"Nyamaza. Ile heshima iliwekwa ili mzee asiye na adabu asimsumbue mke wa mtoto wake. Ilikuwa ya kukulinda wewe. Hakuna aliyesema mtu aachwe majini." Akapumzika kidogo. "Na mimi nina kosa. Umenikwepa tangu uje kwetu na sikukwambia kitu, kwa sababu ilinipendeza kuogopwa hivyo."

Niliketi kando ya kitanda nikamnywesha uji wote. Alipona, kama unavyomwona. Tulipoanza tena matembezi nilimshika kiwiko. Shangazi yako alituona akafyonza. Nikamwambia, "Basi njoo umshike wewe." Hakuja.

Sasa sikiliza. Utaolewa, na watu watakukalisha chini wakufundishe. Wasikilize, waheshimu wakwe zako, lakini usione haya kuuliza kila sharti lilikuja kumlinda nani. Na ukimkuta mtu ameanguka, awe mkwe au mgeni, mshike kwanza. Maneno ya watu utayajibu baadaye, akiwa amevaa nguo kavu.

Mungu akujalie nyumba yenye wakwe wacheshi, akuondolee woga ulionishika mimi, na siku utakayoteleza wewe, usikose mtu wa kukuvuta.