Kitambaa cha Bibi

Juzi, kwenye duka moja la Gerezani, niliona televisheni imefunikwa kitambaa cha kufuma, nikakumbuka joto la chumba chetu Kariakoo.

Mchana mmoja nikiwa mtoto, Mama alifunga madirisha na mlango, kwa sababu kompyuta ilikuwa mpya na vumbi la mtaani lilikuwa adui yake. Tulibanana mkekani, udi na harufu ya plastiki ya moto vikitukaba, tukiangalia sidii ya harusi ya shangazi yangu, aliyekwenda Muscat na mumewe. Ndani ya sidii, kila alipofika mlangoni kumuaga Bibi, picha iliganda, kompyuta ikazima.

"Washa tena," Bibi alisema.

"Mama, watoto wanakosa hewa," mama yangu alimwambia.

"Washa."

Niliamini shangazi amekwama mle ndani, na sisi hatutafunguliwa mpaka atoke.

Leo najua kompyuta ilizidiwa na joto, maana kitambaa alichofuma Bibi na kukitandika juu yake kiliziba matundu ya hewa. Siku ile Mama alijaribu kukiondoa. Bibi akakirudisha, akakinyoosha vizuri, kisha akagusa kioo cheusi.

"Bado hajaondoka," alisema polepole.