Lenzi Yangu Kwenye Kamera ya Baba

Baba yangu alikuwa mpiga picha wa kuzunguka. Msimu wa korosho ulipofika na watu wakawa na chochote mfukoni, alifunga kamera yake kwenye kipande cha khanga, akapanda baiskeli, akaondoka nyumbani kwetu Ziwani kwenda hadi Nanyamba. Aliwapiga picha watoto waliotoka jandoni, wasichana waliochezwa unyago, na wazee waliotaka picha ya kutundika ukutani kabla hawajafa. Filamu alizipeleka studio mjini Mtwara zikasafishwe, kisha akarudi kwa njia ileile kugawa picha za watu. Mpaka leo nikienda msibani kwenye vijiji hivyo naikuta kazi yake ukutani. Naijua kwa jinsi watu walivyosimama: mikono wameishusha, uso umetulia, macho yako mbali kidogo.

Mimi nilirithi kazi, kamera sikuirithi. Nina ya kwangu ya dijitali, napiga harusi na maulidi mjini. Ya baba ilikuwa imelala juu ya kabati kwenye kopo la maziwa. Unyevu wa pwani uliingia kwenye lenzi yake, ukaotesha ukungu ndani ya kioo, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Fundi alishasema haifai. Mwili wa kamera wenyewe ulikuwa mzima.

Mwaka jana daktari wa macho alimwambia baba ana presha ya macho. Mimi ndiye niliyempeleka. Daktari alieleza polepole kwamba mbele ataendelea kuona, ila pembeni patakuwa panafungwa kidogokidogo, na dawa ya matone itachelewesha tu. Baba aliitikia, akashukuru, akaomba ruhusa ya kuondoka. Njia nzima alizungumzia bei ya korosho. Lakini tangu siku hiyo kuna mambo aliyaacha. Baiskeli aliiacha baada ya kuingia nayo kwenye uzio wa jirani. Kwenye kusanyiko la watu alianza kukaa mwisho kabisa, mgongo ukutani, ili asigongane na mtu.

Siku moja nilikuwa namsaidia mama kufuta vumbi, nikalishusha lile kopo. Nilipoitoa kamera ndipo nilipotambua kitu ambacho sikuwahi kukitilia maanani: ilikuwa ya kampuni ileile iliyotengeneza yangu. Nilichukua lenzi ndogo ya kamera yangu, ile inayokuja na kamera ikiwa mpya, nikaipachika kwa uangalifu mdomoni mwa kamera ya baba. Nikazungusha. Tak! Ikakaa kana kwamba zilizaliwa pamoja. Sikumwambia baba. Niliagiza filamu Dar es Salaam, ikaja na basi, na Jumamosi moja asubuhi nikarudi Ziwani nayo.

Baba alikuwa amekaa barazani. Mama alikuwa kwenye mkeka uani, anamenya mihogo ya kuanika makopa. Nilimwekea baba kamera mapajani. Aliipapasa kwanza, akaguna alipokutana na lenzi asiyoijua.

"Hii umeitoa wapi?"

"Ya kwangu, baba. Imeingia. Na filamu imo ndani."

Kidole gumba chake kilivuta mkono wa kusogezea filamu bila kuutafuta, akainua kamera usoni, akamwelekezea mama. Nilisubiri mlio. Haukuja. Alishusha kamera, akaipandisha tena, akaishusha. Kisha akaiweka barazani taratibu sana, akainuka.

"Naenda kuswali," akasema.

"Adhuhuri bado," mama akamwambia. Baba alikuwa ameshaingia ndani.

Nilidhani kumbukumbu zimemzidi. Mama, aliyeishi naye muda mrefu kuliko mimi, aliacha kisu. "Mfuate baba yako."

Nilimkuta amekaa kitandani, mikono katikati ya magoti.

"Mama," akaniita, kama anavyoniita mimi binti yake tangu nikiwa mdogo, "kumekuwa kweusi."

"Wapi, baba?"

"Pembeni kote. Nimetazama humo nikaona mama yako yuko katikati, na pande zote ni kiza. Daktari alisema kidogokidogo. Mbona imekuja mara moja?"

Kwa kitambo nilimwamini. Nikakaa kando yake, nikamuuliza, "Na sasa hivi je? Mimi unanionaje?"

"Wewe nakuona."

"Na mlango?"

"Nauona."

"Na pembeni ya mlango?"

Akafikiri. "Kama jana."

Nilitoka mbio mpaka barazani, nikaokota kamera, nikaweka jicho. Kweli, mama alikuwa katikati, na kumzunguka kote palikuwa na weusi wa mviringo, kama ninamchungulia kupitia bomba. Nikacheka peke yangu. Mama akanitazama akidhani nimerukwa na akili. Jambo lenyewe ni dogo, na mtu wa kazi yangu ilinipasa nilikumbuke: lenzi ile imetengenezwa kwa ajili ya kamera ambayo ndani yake sehemu ya kupokea picha ni ndogo kuliko filamu. Duara la mwanga inalolitoa halifiki kwenye kona za filamu. Weusi ulikuwa wa lenzi.

Nilirudi ndani. "Baba, angalia tena, na jicho usilitoe."

Alikataa kwanza. Kisha akainua kamera kuelekea dirishani, nami nikashika pete ya kuvutia picha karibu, nikaizungusha. Weusi ukaanza kurudi nyuma, ukakimbilia kwenye kona, ukaisha.

"Irudishe," baba akasema.

Nikairudisha. Kiza kikaja.

"Kiondoe."

Nikakiondoa. Mara ya tatu alizungusha mwenyewe, akaenda na kurudi, akaenda na kurudi, mabega yakaanza kumtikisika, na sikujua kama analia au anacheka mpaka aliposhusha kamera.

"Lenzi gani hii ya kumtisha mzee wa watu!"

Kutoka uani mama akauliza kwa sauti, "Mnacheka nini huko na mihogo inanisubiri?"

Tulipotoka, baba alikuwa mtu mwingine. Alitafuta pete ya kupanulia tundu la mwanga, akaikosa. Nikamweleza kwamba kwenye kamera yangu tundu hilo linaamrishwa na umeme, na kwenye kamera yake litabaki dogo kabisa, hakuna wa kuliamrisha. Tungehitaji jua jingi.

"Basi, jua si lipo?" akasema, akamwamuru mama ahamie juani, mkeka, mihogo na yote.

"Usitikisike."

"Nimemenya tangu alfajiri, leo ndiyo nisitikisike?"

"Mkumbuke mtu aliye mbali," baba akamwambia. Hapo ndipo nilipoielewa ile sura iliyo kwenye kuta za vijiji vyote vile. Ndivyo alivyokuwa akiwaambia.

Mama akafikiri. "Nani? Wangu wote mpo hapa."

Baba akabonyeza.

Kisha akanigeukia, akarudisha pete mpaka kule kwenye weusi. Nikamwambia picha itaharibika.

"Lenzi nimeshaijua. Simama hapo."

Mtwara sikumpata wa kusafisha filamu tena, nikaituma Dar. Zilizorudi nyingi zilitoka na ukungu wa mtikisiko, kadhaa zilikuwa giza tupu. Ya mama ilitoka: midomo imefunguka kidogo, bado anajibu. Ya kwangu nayo ilitoka, mviringo ndani ya weusi, nimekunja uso kwa jua, ushungi umenitoka. Kazi yangu ni kuwapiga wengine, sina picha zangu nyingi. Hiyo nimeitundika chumbani.

Macho ya baba hayakurudi. Kipimo cha karibuni kilikuwa kibaya kidogo kuliko cha mwanzo, na alinionyesha karatasi bila kuzungumzia bei ya kitu chochote. Lenzi nimemwachia. Iddi iliyopita tulikwenda Msimbati kwa dada yake mama, na baba alibeba kamera shingoni, mama akitembea upande wake wa kushoto na kumshika kiwiko palipokuwa na mizizi. Mama mkubwa alikataa kupigwa mpaka abadilishe khanga. Alipotoka amependeza, wingu lilikuwa limefunika jua.

"Piga tu," akasema.

"Lenzi hii haitaki wingu," baba akamjibu. Akakaa mchangani, kamera mapajani. Mama akakaa naye, mama mkubwa akasimama na khanga yake mpya, nasi tukalingoja jua.