Wasiogeuka Nyuma

Mzee Plagi alikuwa amekwisha sema atashindana, na mtu huyu akishasema, basi tena, heri ubishane na ukuta. Chama cha mbio za boti kiliwaalika madereva wa zamani wakimbizane Jumamosi, watu wafurahi, wapige picha, waende zao. Binti yake, muuguzi asiye na masihara na afya ya mtu, alimsihi asiende.

"Baba, birika linapiga mluzi mpaka jirani anakuja kugonga mlango, na wewe umekaa hapo hapo unasoma gazeti."

"Birika lenyewe bovu," akasema, akafunua ukurasa.

Miaka yote aliyokaa karakana akijaribu injini za boti bila kuziba masikio ilikuwa imemla usikivu taratibu. Alijua, tena alijua vizuri sana, lakini alijitia hamnazo.

Ijumaa mchana walikutana chumba cha nyuma cha chama, kwenye meza ndefu na viti vya plastiki. Wale waliokuwa wakitoana jasho enzi hizo walibaki watatu tu. Alikuwepo Simenti, hasimu wake mkubwa, jitu lenye mabega ambalo likiingia kwenye boti, boti inaguna. Alikuwepo Mrembo, ambaye meno yamempungukia lakini nywele kazipaka rangi nyeusi tii, na hapo usimcheke, atanuna mpaka jioni. Wa tatu Plagi mwenyewe. Walikumbatiana, wakatukanana kwa mapenzi, wakaketi kuwakumbuka wenzao.

Walipomfikia Kipepeo, utani ukaisha. Kipepeo alikuwa na kipaji kuwashinda wote, na yeye na Plagi walikuwa chanda na pete. Siku ya ajali alikuwa anaongoza, akageuza shingo kutazama Plagi yuko umbali gani. Kugeuka kule tu, uzito ukahama, pua ya boti ikanyanyuka, upepo ukaingia chini yake, ukaipindua. Plagi alipita katikati ya vipande vya mbao vilivyokuwa vikielea.

Tangu hapo hakuna kati yao aliyewahi kugeuka nyuma. Walijifunza kuendesha kwa masikio. Injini ya huyu inanguruma hivi, ya yule inakohoa vile. Yuko kulia, yuko kushoto, huyo anakuja, mpe nafasi. Macho yalikaa mbele, kazi ya nyuma wakayaachia masikio, na ndivyo walivyofika uzeeni na viungo vyao vyote.

Mrembo alikuwa katikati ya hadithi Plagi alipomwona mhudumu akijikwaa mlangoni mwa jikoni, nyuma ya wenzake. Sinia la glasi likaenda chini lote. Vijana waliokuwa kaunta waliruka, mmoja akashika kifua. Simenti hakupepesa hata jicho. Mrembo aliendelea kusimulia. Na kwa Plagi mwenyewe, aliyeliona sinia likianguka kwa macho yake, mshindo ulimfikia kama mtu amepiga mto kwa ngumi.

Aliwatazama wenzake mmoja mmoja, akaiona kesho yao: watu watatu wanaokimbilia boya moja kwa kasi ile, hakuna anayesikia, na hakuna atakayegeuka. Alitaka kusema pale pale. Lakini akimwambia Simenti hivyo, Simenti atasema Plagi ameogopa, naye tangu ujana alikuwa radhi kumeza misumari kuliko kumpa Simenti neno hilo. Akanywa chai yake, akaondoka na hofu yake.

Jumamosi uvumilivu ulimwishia. Gati lilijaa watu, na binti yake alisimama nyuma ya kamba, mikono kifuani, hapungi mkono wala hatabasamu. Plagi alimvuta Simenti pembeni, akaweka mdomo karibu na sikio lake.

"Bwana wee, sisi hatusikii. Wote watatu."

Simenti alikaza mkanda wa helmeti bila haraka. "Najua. Mimi tangu mwaka juzi."

"Basi twende tukawaambie, mbio zisimame."

"Aanze nani? Wewe?"

Plagi aliwatazama watu, akamtazama mwanawe, kisha akatazama boti yake iliyokuwa ikitikisika majini. Alijichukia, lakini akachukua helmeti yake.

"Kaa kulia kwangu," Simenti akasema. "Sikio la kulia bado linanipa kidogo."

Maboya yote huzungukwa kwa kushoto, kwa hiyo kukaa kulia ni kumwachia Simenti njia fupi, kitu ambacho Plagi hakuwahi kumpa mtu yeyote, sembuse yeye. Safari hii aliitikia kwa kichwa.

"Na kushoto kwako?"

"Kushoto yupo Mrembo."

Wakamtazama. Mrembo alikuwa keshaingia kwenye boti yake, injini inaunguruma, macho yameganda mbele.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia, mara mbili," Simenti akasema. "Akanijibu, 'Asante, na wewe pia.'"